Mkato Uliojaza Skrini

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa kompyuta, Kisangani



Kabla ya lolote nina mistari mitatu ya kuwaonyesha. Msichana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuwa tayari kuandika programu yake ya kwanza, na hakutaka ile ya kuisalimu dunia iliyomo katika kila kitabu. Alitaka kitu cha hapa kwetu. Kaka yake anaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, basi akaamua kompyuta imhesabie kaka nauli: kilomita za safari, mara bei ya kila kilomita. Safari yenyewe ilikuwa ya kilomita tatu na nusu, bei faranga 500. Akaandika kwa lugha ya Python:

umbali = 3,5
bei = 500
print(umbali * bei)

Alitarajia 1750. Alipobonyeza kitufe, skrini ikajaa. Tatu, tano, tatu, tano, tatu, tano, mstari chini ya mstari, tarakimu elfu moja zimefungwa katika mabano. Akaondoa mikono kwenye kibodi. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "nimeharibu mashine ya watu."

Hakuwa ameharibu chochote. Katika Python mkato hautenganishi namba nzima na sehemu zake za kumi. Unatenganisha kitu na kitu. Ukiandika 3,5 mashine inaona vitu viwili, tatu na tano, inavifunga pamoja kuwa fungu moja. Na fungu ukilizidisha kwa 500, kwa sheria za lugha ile, unalirudia mara 500. Mashine ilifanya kila ilichoambiwa, wala haikutoa ujumbe wowote wa kosa. Hilo ndilo lililoniuma. Mwanafunzi alipotea mahali ambapo hapakuwa na kibao cha kumwambia kwamba njia imekwisha.

Nilipokaa naye tukatafuta kosa lilitoka wapi, tuliliona kwenye daftari lake la shule ya msingi. Tangu darasa la kwanza la desimali, mwalimu wa shule yetu huandika ubaoni tatu, mkato, tano, na darasa zima husoma kwa sauti: tatu virgule tano. Ndivyo Wabelgiji walivyotuachia, ndivyo Wafaransa wanavyoandika, na ndivyo inavyoandikwa katika sehemu kubwa ya Ulaya. Nukta ni desturi ya Waingereza na Wamarekani, na lugha nyingi za kompyuta tunazozitumia zilichukua desturi hiyo kwa sababu wale waliozianzisha waliandika hivyo tangu utoto wao. Fortran ilitoka kwa John Backus na wenzake wa IBM mwaka 1957, Marekani, nukta ikiwa imo ndani. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba nukta na mkato vyote ni halali kuwa alama ya desimali. Kwa hiyo mtoto wetu hakuwa na kosa mbele ya ulimwengu wa vipimo. Alikuwa na kosa mbele ya Python tu.

Tangu siku ile nimeacha kusema kwamba sintaksia ya lugha za kompyuta ni ngumu kwa sababu ni ngeni. Nimekuja kuamini kinyume chake, na hilo ndilo nililolileta hapa leo. Alama ngeni kabisa haimpotezi mtu. Akiiona anasimama, anauliza, anajifunza. Inayompoteza ni alama anayoijua vizuri, aliyoizoea miaka kumi, anayokutana nayo ikiwa imebadilishiwa kazi bila taarifa. Na kwa sababu hiyo, anayejikwaa zaidi mara nyingi ni yule aliyejifunza vizuri zaidi huko alikotoka.

Nitawapa mfano mkubwa kuliko mkato: alama ya sawasawa.

Kijana mmoja hodari sana wa hisabati aliwahi kukataa mbele yangu kuandika mstari huu: idadi = idadi + 1. Alikataa kwa heshima, lakini alikataa. "Mwalimu, hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiongeza moja." Wenzake walicheka. Mimi nilimwambia ana haki, na leo narudia kwamba alikuwa na haki. Alama ile ilibuniwa na Robert Recorde, tabibu wa Wales, katika kitabu chake cha mwaka 1557, kwa sababu alichoka kuandika kila mara maneno ya kusema kitu fulani ni sawa na kingine. Alichagua mistari miwili inayokwenda sambamba kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo. Kwa miaka mia nne alama hiyo ilikuwa tamko: upande huu na upande ule ni kitu kimoja. Fortran ikaichukua na kuigeuza kuwa amri: hesabu kilichoko kulia, kisha kiweke katika jina lililoko kushoto. Tamko linaweza kuwa kweli au uongo. Amri haiwi kweli wala uongo, inatekelezwa. Kijana wangu alisoma amri kama tamko, akaona uongo, akakataa kuuandika.

Walikuwepo walioona hatari hiyo mapema. Wataalamu waliotengeneza Algol waliweka nukta mbili mbele ya alama ya sawasawa ili amri isifanane na tamko, na Niklaus Wirth akaifuata njia hiyo katika Pascal mwaka 1970. Lakini Ken Thompson, akitengeneza lugha ya B mwaka 1969, na Dennis Ritchie aliyeikuza ikawa C, walitaka kuandika kwa ufupi. Hoja yao ilikuwa kwamba katika programu za kawaida kuweka thamani hutokea kama mara mbili ya kulinganisha, basi chenye kutumika zaidi kipewe alama fupi. Kuweka kukapata = moja, kulinganisha kukapata mbili, ==. Java, JavaScript, PHP na Python zote zimerithi uamuzi huo. Ninauheshimu ufundi wa watu wale, lakini nadhani hapo walituuzia ufupi kwa bei kubwa.

Bei yenyewe ilionekana Novemba 2003. Mtu ambaye hakujulikana aliingiza mistari miwili katika nakala mojawapo ya msimbo wa Linux. Msomaji wa haraka angedhani mistari ile inauliza: je, mtumiaji huyu namba yake ni sifuri? Na sifuri katika Linux ndiye bwana wa mashine nzima. Lakini palipotakiwa == paliandikwa = moja. Mstari haukuwa unauliza. Ulikuwa unaamuru: mtumiaji huyu awe sifuri. Yeyote aliyejua mlango ule angeingia na kutawala mashine. Hila hiyo iligunduliwa kwa sababu nakala ile ilitofautiana na nakala kuu, wala msimbo ule haukuingia katika Linux yenyewe. Basi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayechanganya = na == asione haya. Kuna mtu alitegemea kwamba macho ya mafundi bora duniani nayo yangechanganya.

Hapa kwetu tuna jambo la ziada, nami nalisema kwa walimu wenzangu. Katika somo la algoritimu tunalolifundisha kwa Kifaransa, ubaoni hatuandiki =. Tunachora mshale unaoelekea kushoto. Ni alama nzuri sana. Inaonyesha thamani inatoka wapi inakwenda wapi. Tunafunga sharti kwa FinSi, tunafunga mzunguko kwa FinPour, mwanafunzi anaona mwanzo na mwisho. Kisha siku ya kugusa kompyuta, mshale unatoweka, panaota =, na FinSi inatoweka, panabaki nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Hakuna anayesema neno. Mwanafunzi anadhani ni somo jingine. Dakika tano tu zingetosha: andika mshale, andika = chini yake, sema "hii ndiyo ile."

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusoma kwa sauti, na kuisoma kila alama kwa kazi yake badala ya jina lake. Usisome "idadi ni sawa na idadi kujumlisha moja." Soma: "chukua idadi iliyopo, ongeza moja, matokeo yawe idadi mpya." Ukikutana na == soma kwa swali: "je, hii na ile ni sawa?" Sauti ya swali na sauti ya amri hazifanani katika Kiswahili, na sikio litakamata kile ambacho jicho limekiruka. Felienne Hermans wa Uholanzi na wenzake wamelifanyia hili utafiti. Mwaka 2019 walieleza kwamba watoto wa shule waliofundishwa wakisoma msimbo kwa sauti waliukumbuka vizuri zaidi kuliko waliofundishwa kimya.

Sisi wa Kisangani tuna mazoezi ya jambo hili kuliko tunavyojua. Kiswahili kilifika hapa na misafara kutoka pwani, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip. Lingala ikapanda na mto. Kifaransa kikaja na shule. Pembeni mwa mji zipo Kilokele, Kitopoke, Kimbole na Kienya. Mtoto wa hapa anabadili lugha kati ya mlango wa nyumba na mlango wa shule. Sasa chukueni neno moja la Lingala: lobi. Lobi ni jana, na lobi ni kesho. Mgeni aliyeshuka juzi kutoka Bukavu akilisikia atauliza mara tatu. Mzaliwa wa hapa hachanganyikiwi kwa sababu halisikilizi neno peke yake. Anasikiliza kitenzi kilicho jirani. Na pale kitenzi kisipotosha, anaongeza: lobi eleki, ile iliyopita, lobi ekoya, ile inayokuja.

Alama nyingi za kompyuta ni lobi. Alama ya kujumlisha kati ya 2 na 3 inatoa 5. Kati ya "2" na "3" zilizo ndani ya alama za kunukuu inatoa "23", kwa sababu sasa inaunganisha maandishi. Mabano yakizunguka hesabu yanasema hii ifanywe kwanza. Yakifuata jina la kazi yanasema kazi hiyo itekelezwe. Nyota katika C inazidisha, na nyota hiyo hiyo ikitangulia jina inakuambia ufuate anwani. Ritchie mwenyewe alikiri kwamba namna C inavyotangaza vigeu vinavyobeba anwani imelaumiwa sana. Ukimfundisha mwanafunzi "nyota maana yake ni hii", umempa nusu ya neno. Mfundishe kutazama majirani, kama anavyofanya akisikia lobi.

Nataka sasa tushuke mto kidogo, hadi Yakusu, tuone namna nyingine ya kutofautisha maneno yanayofanana.

Yakusu iko chini ya mji wetu, ukingoni mwa mto, na ni nchi ya Walokele. Huko alifika mmisionari Mwingereza, John Carrington, mwishoni mwa miaka ya 1930, na pamoja na kazi yake akajifunza kupiga ngoma ya lokole mpaka akaielewa. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kuhusu ngoma zinazosema. Alichokieleza wazee wa hapa walikijua tangu zamani, lakini alikiandika kwa namna iliyowafikia watu wa mbali, hata wale wanaochunguza nadharia ya mawasiliano.

Lokole ni gogo lililotobolewa mwanya, lenye midomo miwili. Mdomo mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Kilokele, kama Lingala, ni lugha ya toni. Ukibadilisha toni umebadilisha neno. Lokole inazibeba toni, na toni tu. Irabu hazimo, konsonanti hazimo. Sasa songe ni mwezi, na koko ni kuku. Yote mawili yana toni mbili za juu. Kwenye lokole, mwezi na kuku ni kitu kimoja, na yapo maneno mengine kadhaa yenye toni hizo hizo. Mpigaji afanyeje? Hasemi "mwezi" peke yake. Anapiga mwezi pamoja na maneno ya kueleza unavyoitazama nchi kutoka juu. Hasemi "kuku" peke yake. Anaongeza udogo wake na mlio wake. Ujumbe unakuwa mrefu mara kadhaa kuliko ungekuwa mdomoni. Wazungu wa mwanzo waliosikia walidhani urefu ule ni mapambo, au kupenda maneno tu. Kumbe bila nyongeza ile msikilizaji wa kijiji cha pili asingejua ameambiwa mwezi umetoka au kuku amepotea.

Kila mwaka mwanafunzi hunijia na swali moja. Katika Python, baada ya sharti, unaweka nukta mbili, kisha mstari unaofuata unauingiza ndani. "Mwalimu, kama mstari umeshaingia ndani, nukta mbili za nini?" Ni swali la mtu anayefikiri. Python ilianzishwa na Guido van Rossum huko Amsterdam, akiianza katika likizo ya Krismasi ya 1989 na kuitoa 1991, na mengi aliyatoa katika lugha ya ABC aliyokuwa ameifanyia kazi kabla. Watu wa ABC walikuwa wamewajaribia wanaoanza, wakaona kwamba nukta mbili zikiwepo msomaji anaelewa upesi kuwa kuna kundi la mistari linakuja. Mashine ingeweza kuishi bila nukta hizo. Ziliwekwa kwa ajili ya mtu. Ni lile neno la ziada la mpiga lokole.

Ukishalitazama hivyo, mengi yanayoonekana kama usumbufu hubadilika sura. Mabano ya kufunga, nukta-mkato mwishoni mwa mstari wa C, alama za kunukuu pande zote mbili: kila moja inazuia mwezi usisikike kama kuku. Na lugha inayojaribu kukuhurumia kwa kuongeza alama hizo yenyewe inaweza kukuumiza. JavaScript, aliyoiandika Brendan Eich kwa siku kumi mwezi Mei 1995, inakuruhusu kuacha nukta-mkato na kuijaza yenyewe. Sasa andika return, shuka mstari, kisha anza thamani unayotaka kuirudisha. JavaScript inaweka nukta-mkato yake mara baada ya return, kazi inarudi mikono mitupu, na thamani yako imeachwa chini haina mwenyewe. Tena hakuna ujumbe wa kosa. Mimi napendelea lugha inayonikatalia wazi kuliko inayonikisia.

Kuhusu vifaa vyetu nitapita haraka, ingawa ndivyo vinavyokula saa nyingi za wanafunzi. Kibodi nyingi hapa ni za Kifaransa, AZERTY. Nukta yenyewe inataka Shift, tarakimu zinataka Shift, na mabano ya mraba au yale ambayo Kifaransa huyaita accolades yanataka kitufe cha AltGr. Wenzetu waliozoea QWERTY hupata nukta kwa kidole kimoja. Kuna Excel ya Kifaransa, inayotenganisha vitu ndani ya fomula kwa nukta-mkato kwa sababu mkato umeshachukuliwa na desimali; fomula iliyoandikwa Nairobi ukiinakili hapa kama ilivyo itakataa. Baya zaidi ni kuandika msimbo ndani ya Word. Word ya Kifaransa ukiiandikia alama ya kunukuu inakuwekea « na », na kabla ya nukta mbili inapachika nafasi isiyokatika, ambayo jicho haliwezi kuitofautisha na nafasi ya kawaida. Python inaitofautisha. Itakuambia kuna herufi isiyoonekana, U+00A0, nawe utatazama mstari ulio safi kabisa mpaka machozi yatoke. Simu nazo hukuza herufi ya kwanza bila kuulizwa, print ikawa Print, na hiyo kwa Python ni jina la mtu asiyemjua. Wanafunzi wangu wengi huandikia kwenye simu, umeme ukiwa umekatika. Ninawaomba wazime marekebisho yote ya moja kwa moja kabla ya kuandika herufi ya kwanza.

Kuhusu ujumbe wa kosa kuna jambo moja ambalo laiti ningeambiwa nikiwa kijana. Mashine haikuonyeshi ulipokosea. Inakuonyesha iliposhindwa kuendelea. Ukisahau kufunga mabano mstari wa nne, mashine inaendelea kusoma ikiamini bado uko ndani ya mabano, inafika mstari wa tano, inakuta neno lisiloweza kuwa humo, ndipo inasimama na kuushtaki mstari wa tano. Mwanafunzi anaukagua mstari wa tano neno kwa neno, hauna kosa, anaanza kujilaumu mwenyewe. Ni kama abiria aliyekata kona isiyo yake kwenye njia panda ya kwanza, lakini akajua amepotea alipofika ya pili. Rudi nyuma, tazama mstari uliotangulia. Watengenezaji wa Python walilisikia kilio hiki. Toleo la 3.10, la Oktoba 2021, linasema wazi kwamba bano fulani halikufungwa, na linakuuliza kama ulimaanisha == ulipoandika =. Kama mnaweza kuchagua toleo, chagueni hilo au la baadaye.

Na tukumbuke tunatoka kwa wasikilizaji wa aina gani. Ukisema kwa Kiswahili cha pwani "vitabu vile viwili vimeanguka," kila neno limebeba alama ya ngeli. Hapa sokoni mtu anasema "ile vitabu mbili ilianguka," na kila mtu anainama kuviokota. Binadamu hutengeneza sentensi ya mwenzake kichwani bila kujua kwamba ametengeneza. Mtu aliyeishi maisha yake yote kati ya wasikilizaji wakarimu namna hiyo anahitaji muda kumzoea msikilizaji asiyetengeneza kitu. Huo si uzembe wa mwanafunzi, na sipendi kusikia ukiitwa hivyo.

Kwamba si uzembe, utafiti unaniunga mkono. Mwaka 2011 Andreas Stefik na wenzake huko Marekani waliwapa wanaoanza lugha tatu. Moja ilikuwa Perl, lugha halisi iliyotumiwa na mafundi wengi. Nyingine Quorum, iliyoanza kama njia ya kuwasaidia vijana wasioona kuandika programu. Ya tatu waliiita Randomo, na alama zake zilichaguliwa kwa bahati nasibu kwenye kibodi. Waliotumia Quorum walifanya vizuri. Waliotumia Perl hawakuwashinda kwa tofauti ya kuaminika wale wa Randomo. Yaani kwa anayeanza, alama zilizochaguliwa na fundi na zilizochaguliwa kwa kura zilikuwa na uzito mmoja. Miaka miwili baadaye walichapisha uchunguzi mpana zaidi, na Java nayo ikaangukia upande wa Perl, huku Python na Ruby zikiwa upande wa Quorum. Waliwauliza pia watu neno gani linaeleza vizuri zaidi kurudia jambo. Repeat lilipendwa, na for, lililomo karibu kila mahali, lilikuwa kati ya yasiyoeleweka.

Katika utafiti lipo pia jambo la kuwatia moyo. Tangu miaka ya 1980 watafiti Jeffrey Bonar na Elliot Soloway walionyesha kwamba chanzo kikubwa cha makosa ya wanaoanza ni maarifa waliyokuja nayo kabla ya kompyuta. Wanafunzi wao walizungumza Kiingereza, na neno while liliwapoteza. Katika maongezi yao neno hilo lina maana ya muda wote ambao jambo linaendelea, basi wakadhani mashine inalilinda sharti kila nukta na itakatiza kazi papo hapo sharti likivunjika. Mashine hailindi, inauliza mara moja tu, mwanzoni mwa kila mzunguko. Mwanafunzi wa Kisangani hana while ya utotoni. Anaipokea kama alama tupu, na ukimweleza vizuri mara moja inakaa ilivyo. Kiingereza kinatugharimu, sikatai. Ujumbe wa makosa unakuja kwa Kiingereza na lazima tuutafsiri pamoja darasani. Lakini pale mwenzetu wa London anapokanyaga mtego wa lugha yake, sisi tunapita salama. Mitego yetu ni mingine: virgule, mshale uliotoweka, alama za kunukuu za Kifaransa. Tukiijua kwa majina, tunaweza kuionyesha mapema.

Kwa watoto wadogo zipo njia za kuchelewesha mitego. Scratch ya mwaka 2007 inatumia vipande vya kuunganisha na ina Kiswahili. Hedy, aliyoianzisha yule Felienne Hermans mwaka 2020, inaanza bila alama za kunukuu wala mabano, inaziongeza ngazi kwa ngazi, na maneno yake ya amri yanaweza kuandikwa kwa Kifaransa au Kiarabu. Wazo la kuongeza alama moja baada ya nyingine, kila moja na sababu yake, hata sisi wenye ubao na chaki tu tunaweza kulitumia kesho asubuhi.

Walimu wenzangu, nina ombi. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kupewa sifuri kwa programu nzima kwa sababu ya nukta-mkato moja niliyoisahau kwenye karatasi ambayo hakuna mashine ingeisoma. Fikra ilikuwa sahihi, hesabu ilikuwa sahihi. Kwa mwezi mzima nilifikiri kazi hii si yangu. Mkisahihisha karatasi, zungushieni alama iliyokosekana kwa kalamu nyekundu, andikeni kazi yake pembeni, na maksi zipeni fikra. Kompyuta itamdai mwanafunzi nukta-mkato yake bila msaada wenu.

Yule msichana wa toleka tulikaa naye jioni ile. Nilimwomba asome mstari wake wa kwanza kwa sauti, akasoma "tatu virgule tano." Nikamwomba asome mstari mwingine nilioandika mimi, print(umbali, bei), akasoma "onyesha umbali, kisha bei." Akanyamaza. Akarudi juu, akafuta mkato, akaweka nukta. Skrini ikatoa 1750.0, naye akaitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya kioo.

"Sawa, Mwalimu. Lakini hii nukta sifuri imetoka wapi? Mimi sikuiandika."

Tukavuta viti tena.